Siyo Chumvi, Rehema

Mwezi uliopita Rehema alikuja kwangu Bunda. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa lile banda refu ambalo majirani wanaliita kiwanda, nikiwakemea wanawake wangu wa kazi kwa sababu ya magamba yaliyobaki kwenye mkia wa sato mmoja, nikamwona anaingia getini na mkoba wake kwapani, anatembea taratibu huku anatazama chini. Nilimjua kabla hajavua viatu. Kanenepa, kapata mvi, anavaa miwani, lakini ile namna yake ya kushika shingo akiwa na shida haijabadilika. Nikamkaribisha kiti. Nikampa maji. Sikumpa chai, na nataka ijulikane kwamba chai ilikuwepo, imejaa chupa mbili, na maandazi ya moto. Akanywa nusu glasi, halafu akasema, "Nyangeta, naomba unitoe kwenye ile stika." Basi moyo wangu ukatulia tuli. Nimeingojea sentensi ile tangu nikiwa msichana, na ilipofika nilitaka nimwombe airudie.

Kwa asiyejua, mimi nafunga chakula. Kapu la Jioni, ndiyo jina la biashara. Mtu anapiga simu asubuhi, jioni bodaboda anamletea mfuko wa karatasi wenye samaki aliyeparwa, kukaangwa kidogo na kupozwa, nyanya na kitunguu vilivyokatwa tayari, mgagani uliochumwa na kuchemshwa mara mbili kutoa uchungu, unga uliopimwa wa watu wanne, na vifuko vidogo vya viungo. Ndani kuna kikaratasi cha maelezo. Mwalimu aliyeshinda amesimama darasani, nesi aliyetoka zamu, mkaka anayeishi peke yake na hajui hata kubandika sufuria, wote wanakula chakula cha nyumbani kabla taarifa ya habari haijaisha. Kila kifuko kina stika yake. Cha chumvi kimeandikwa Chumvi. Cha magadi, yale ya kulainishia mgagani, kimeandikwa: Magadi. Siyo chumvi, Rehema. Kijana aliyenichapia mara ya kwanza alidhani Rehema ni binti yangu, akacheka, akasema inapendeza. Sikumsahihisha. Miaka imepita, na siku hizi ukienda Musoma, Bunda, hata ndani ndani huko Kibara, mtu akitaka kukosea utasikia anaambiwa, "Siyo chumvi, Rehema." Walimu wanawaambia wanafunzi. Makonda wanawaambia abiria wanaopanda gari siyo lao. Akina Rehema wote wa mkoa huu wanataniwa kwa ajili ya mmoja, nami nawaomba radhi wote isipokuwa huyo mmoja.

Mwaka mambo haya yalipoanza nilikuwa nimepanga chumba Musoma, kwa Bi Chausiku, mjane aliyekuwa anauza dagaa wa jumla pale Mwigobero. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne vinavyotazamana, ua katikati, na jiko la nyuma lenye paa la bati lililotobokatoboka, tukipika mvua ikinyesha tunahamisha sufuria kama tunacheza bao. Harufu ya dagaa ilikuwa imeingia mpaka kwenye godoro. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na kinu nilichotoka nacho Butiama, kinu cha mti mzito ambacho kilitwanga mtama wa nyumba yetu kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa naparaga samaki kwa akina mama wa sokoni, kazi ya mikono tu. Chumba cha pili kutoka changu alikaa Rehema. Yeye alikuwa karani ofisini, anavaa sketi ya kitambaa na viatu vya kisigino, na jioni akirudi anavivulia mlangoni na kuzisugua nyayo huku analalamika. Nilimpenda. Wacha niseme hivyo mapema, maana bila hiyo hasira yangu haitaeleweka. Alinisukaga nywele Jumapili mchana, na nikiumwa ni yeye aliyeniletea uji.

Ukuta wa vyumba vile haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa kilikuwa cha wote. Jioni wenzake Rehema wa ofisini walikuwa wanapita, wanakaa kwenye mkeka wake, na mimi huku kwangu nawasikia. Hawakuzungumzia wanaume kama nilivyodhani watu wa ofisini wanazungumzia. Walizungumzia jiko. Mmoja alisema akifika nyumbani anakuta mume anatazama mlango wa jiko, siyo yeye. Mwingine alisema samaki anamshinda, akimpara anatapika, na hawezi kumwambia mtu kwa sababu ni mtoto wa ziwani. Rehema akasema yeye usiku anakunywa chai na mkate, basi, na Mungu anajua. Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliochoka. Kesho yake nikampa Rehema samaki niliyempara, nikamfungia nyanya kwenye mfuko wa nailoni, kitunguu kwenye mwingine, chumvi kwenye mwingine. Nikamwambia weka sufuria, mwaga hiki, halafu hiki, halafu hiki. Alipika kwa muda mfupi, akala mpaka akalamba mwiko, akaniita dada. Wiki iliyofuata wenzake wote walitaka. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ni mimi niliyeanza, kwenye jiko lile linalovuja, kabla mtu yeyote hajafikiria kuifanya biashara.

Wapo wanaosema mwanamke anayepika kwa vifuko ni mvivu. Nimewasikia maisha yangu yote, na wengi wao hawajawahi kutwanga hata kikombe cha karanga. Mimi nimetwanga. Ninajua mgongo unavyouma, na ninajua kwamba mgongo haujawahi kuongeza utamu kwenye mchuzi. Nilikuwa nakagua kila mfuko kwa mikono yangu. Mgagani nilikuwa naufunga pamoja na magadi, na kwa kuwa magadi ya kusaga na chumvi ya kusaga vinafanana kwa macho, niliweka utaratibu ambao hata mtoto aliujua: fundo moja ni chumvi, mafundo mawili ni magadi. Niliwaambia wote kwa mdomo. Rehema ndiye aliyekuwa anawafundisha wageni, anainua vifuko hewani na kuimba, fundo moja, mafundo mawili.

Halafu Rehema akaolewa na Mafuru, kijana wa Kibara mwenye ndugu wenye mitumbwi na boti za dagaa, wale wale waliokuwa wanamletea Bi Chausiku mzigo. Mafuru alihamia chumba kile kile wakati wanatafuta nyumba. Alikuwa mtu wa kujisifia. Kila mahali alikopita alisema mke wake anapika samaki kuliko mama yake. Mimi nikisikia natabasamu, kwa sababu samaki alikuwa wangu, mgagani wangu, chumvi yangu, na cha Rehema kilikuwa kibiriti tu. Wala sikuona ubaya. Mifuko alikuwa anaificha chini ya ndoo, na jioni naichukua mimi kwenda kuichoma. Lakini sifa zile zikafika Kibara, na mama yake Mafuru akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwonja mkamwana wake.

Kwao ilikuwa hivi. Mama mkwe akija mara ya kwanza, mkamwana anapika peke yake, hakuna wa kumshikia hata kuni. Mama mkwe anakaa uani, anapoweza kuona moshi. Chakula kikiletwa, yeye ndiye anayekata tonge la kwanza, na watu wote wanasubiri. Akikata la pili, mkamwana amepokelewa. Akiomba maji ya kunawa baada ya lile la kwanza, basi, hakuna anayeuliza, na mwanamke yule ataishi na maji yale mpaka uzee wake. Rehema hakulala siku tatu. Alinishika mikono, akaniambia Nyangeta, nifungie kama unajifungia wewe. Nikaenda mwenyewe kuchagua sato wawili wanene, mgagani nikauchemsha mara tatu badala ya mbili. Nikamfungia, nikamkabidhi alfajiri, nikarudi chumbani kwangu na kufunga mlango kama adabu inavyotaka.

Nilikuwa nasikia tu. Nikasikia mama mkwe anakohoa uani, Bi Chausiku anamkaribisha kwa maneno matamu, Mafuru anacheka kwa sauti ya juu. Nikasikia Rehema anahangaika jikoni. Kilichotokea humo nilikuja kukijua baadaye, kwa kuona mabakuli, na mengine kwa mdomo wa Rehema mwenyewe. Aliogopa mama mkwe asije akaingia akaona mifuko ya nailoni, akaelewa kwamba chakula kimefungwa na mtu mwingine. Kwa hiyo akafungua mafundo yote mapema, akamimina chumvi kwenye bakuli moja na magadi kwenye bakuli la pili, ili ionekane ni vitu vya jikoni kwake mwenyewe. Mifuko akaitupia motoni. Halafu akageuka kusonga ugali, na aliporudi kwenye mabakuli alikuta vitu viwili vyeupe vinamtazama. Angeonja. Ulimi alikuwa nao. Lakini alikuwa anatazamwa kutoka uani, na mpishi hodari haonji chumvi. Akachukua bakuli lote la magadi akalimwaga kwenye mchuzi wa samaki.

Mama mkwe akakata tonge, akachovya, akameza. Halafu nikasikia anaomba maji ya kunawa. Ndugu wawili wa Mafuru waliokuja na mama yao walikuwa wameshakula kwa pupa bila kungoja, vijana wa boti hawana adabu, na haikuchukua muda wakaanza kugombania choo. Mama mkwe naye akafuata. Watu wazima watatu na choo kimoja. Leo nikikumbuka nacheka, lakini siku ile sikucheka, kwa sababu Mafuru alianza kufoka, akauliza mke wake ameweka nini, na Rehema akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote.

"Muulizeni Nyangeta. Ndiye aliyeshika samaki wangu asubuhi. Anamtaka Mafuru siku nyingi, kaweka dawa."

Nilitoka nje. Nilisema ni magadi, jamani, onjeni, ni magadi tu. Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Nikamwangalia Rehema nikamwambia sema mafundo, Rehema, waambie mafundo. Akaangalia pembeni. Bi Chausiku akaingia jikoni peke yake, akakaa humo kidogo, akatoka na sufuria, akaenda kuimwaga nyuma ya ua. Aliporudi alisema mbele ya wote kwamba nyumba yake hailali na mchawi. Nikaambiwa niondoke kabla jua halijazama. Nilipoinama kuchukua kinu changu, akaweka mguu juu yake, akasema kitu cha mchawi hakitoki hapa kwenda kudhuru wengine. Nikaondoka na ndoo mbili. Baadaye mama mmoja wa sokoni aliniambia kinu kile kilipasuliwa wiki ile ile, kikawa kuni za kukaushia samaki. Nililia kwa ajili ya kinu kuliko nilivyolia kwa ajili ya jina, maana bado sikujua jina linaweza kunifanya nini.

Nilirudi Butiama na maneno yalikuwa yameshafika. Watu wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, methali ambayo mimi naichukia kuliko zote. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Kulikuwa na msiba kwa jirani, nikaenda na kisu changu kama wanawake wote, nikakaa kwenye mboga. Mama mmoja akanichukulia kisu kwa upole, akasema mwanangu, wewe nenda kachote maji. Nikachota. Msiba uliofuata nikaambiwa kachote maji. Harusi, maji. Miaka mingi nimebeba maji ya kupikia vyakula ambavyo sikuruhusiwa kuvigusa, na wanawake wenye mikono michafu kuliko yangu wakikata nyama mbele yangu. Wanaume waliokuja kuniulizia walirudia njiani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila ndoo niliyojitwika niliijaza na jina la Rehema, na ndiyo maana najua linavyokaa mdomoni.

Bunda ndiko nilikopona, kama niliwahi kupona. Hapakuwa na aliyenijua. Nikapanga, nikaanza tena na mifuko, kwanza kwa walimu, kisha simu zikaja, bodaboda zikaja, nailoni ikapigwa marufuku nikahamia karatasi, nikapata mume mzuri ambaye sasa ni marehemu na ambaye alikuwa anakula chochote nilichomwekea bila kuuliza. Siku ya kutengeneza stika ilipofika, kijana wa kuchapa aliniuliza, mama, hapa kwenye magadi tuandike nini. Nikamjibu bila kufikiri. Ulikuwa umeshaandikwa ndani yangu muda mrefu, ule mstari.

Sasa Rehema kakaa mbele yangu na glasi ya maji. Akanieleza kwa nini amekuja. Mtoto wake wa kiume ameoa, na mkamwana alimpikia kwa mara ya kwanza, safari hii yeye Rehema ndiye mama mkwe, yeye ndiye anayekata tonge. Msichana hakuficha chochote. Kafungua Kapu la Jioni mezani mbele ya kila mtu, kafungua vifuko, kasoma kwa sauti, kacheka, kasema, mama, hata jina lako lipo. Mafuru akacheka mpaka akapaliwa. Kumbe Mafuru anamwambiaga hivyo kila siku, akipoteza funguo, akikosea njia, siyo chumvi, Rehema, na mpaka leo hajui kwamba Rehema wa kwenye stika ndiye huyo aliyemuoa. "Nakufa kidogo kidogo mezani kwangu," aliniambia. "Nimekoma, dada." Neno dada lilinikera. Nikamwambia nitamtoa, ila kwanza twende Mwigobero, kwa yule aliyenifukuza, akaseme kwa mdomo wake mwenyewe yale mafundo aliyokataa kuyasema. Nilidhani atakataa. Nilitaka akatae, niseme ukweli, nibaki naye kwenye stika mpaka kaburini. Akasimama akaniuliza ni siku gani.

Tulikwenda Jumamosi na gari langu la kubebea barafu. Mwigobero soko limebadilika, lakini dagaa ni wale wale na mashine za boti kelele ile ile. Bi Chausiku bado anakaa hapo, mzee, macho yamefifia, amewekewa kiti karibu na magunia ya wajukuu zake ili awasimamie kwa masikio. Tukamwamkia shikamoo. Rehema akajitambulisha, akanitambulisha. Halafu akasema yote, amesimama, wauza dagaa wamenyamaza kumsikiliza. Alisema habari ya mabakuli. Alisema aliogopa mama mkwe. Alisema mimi sikuweka kitu, wala sikumtaka mume wake, na kwamba alijua vile tangu dakika ile ile. Wanawake vijana waliokuwa pale wakaanza kunong'ona, kumbe Rehema ndiye huyu. Nami nilijiona nimesimama wima kuliko nilivyosimama kwa miaka mingi. Nikageuka kwa Bi Chausiku, nangoja aseme pole.

"Hayo mimi nilijua," alisema, akiendelea kupapasa dagaa kwenye ungo. "Niliionja ile sufuria kabla sijaimwaga. Mtu mzima hajui magadi?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. Boti zilikuwa za Kibara, mwanangu. Ningemwaibisha mkamwana wao, dagaa ningepata wapi? Na wewe ulikuwa na nini? Nikamuuliza habari ya kinu changu, kama kweli alikipasua. Akafikiri kidogo, halafu akatabasamu.

"Kilikuwa mti mzuri sana kile," alisema. "Kilishika moto vizuri."

Rehema alilia njia nzima ya kurudi. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu misiba yote niliyochotea maji, na kwamba muda wote huo alikuwepo mtu mmoja Musoma ambaye ulimi wake ulikuwa unajua, anakula, analala, anaswali, anauza. Rehema alisema uongo kwa hofu, na hofu naifahamu. Yule mwingine alionja ukweli akaufuta midomoni na kanga. Tulipofika Bunda, Rehema akashuka, akasimama dirishani kwangu, akauliza kama nitamtoa. Nikamwambia mimi nikisema nimesema. Nikamwingiza ndani, nikampa chai.

Jumatatu nikaenda kwa kijana wangu wa kuchapa. Nikamwambia kwenye stika ya magadi tunabadilisha, jina la Rehema litoke. Akasikitika, akasema mama, watu wameizoea, na hapo sasa patabaki wazi, patakuwa pabaya. Nikamwambia hapana, hapatabaki wazi. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na kompyuta yake nione herufi zinavyoingia, nikamtajia polepole asikosee: Chausiku.